Safari ya Kushuka Mombo Wakati wa Masika

Wengi wenu mwaijua njia itokayo Lushoto kushuka Mombo. Nao wasioijua na watusikilize kidogo. Urefu wake ni kilomita 33, nayo huanza penye baridi, mita 1,400 hivi juu ya bahari, ikashuka kwa kupindapinda hata joto la nyika. Chini ya Soni hufuata korongo, mlima upande mmoja na shimo upande wa pili. Wakati wa kiangazi ni njia ya kupendeza macho. Wakati wa masika maji huulegeza udongo, na mawe yaliyotulia miaka mingi huteremka usiku bila kubisha hodi.

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 tulikuwa watu watatu, tukaondoka Lushoto saa kumi na mbili asubuhi kwenda kumlaki kijana wetu aliyekuwa akirudi kutoka masomoni Uholanzi. Ndege yake ilikuwa ifike uwanja wa Kilimanjaro saa mbili usiku, nasi tulijiona tu watu wenye akili kwa kuondoka mapema hivyo. Ndani ya gari tulikuta mama mmoja mfanya biashara, mwenye magunia ya kabichi aliyotaka kuyawahisha Mombo, na nyuma yake mwanamke kijana mwenye mimba ya miezi minane, akienda kwa mamaye Korogwe.

Hata tulipopita Soni kidogo, dereva akasimama. Mlima ulikuwa umeanguka njiani, udongo na mawe na mti mzima pamoja na mizizi yake. Watu wakashuka kutazama, kila mtu akawa fundi wa barabara kwa maneno. Tulipokuwa tukisemezana hivyo, tukasikia sauti garini: yule mwanamke ameshikwa na uchungu.

Sasa dereva alikuwa na mashauri mawili. Pale Soni hutoka njia ya kwenda Bumbuli, penye hospitali ya siku nyingi, na wengine wakapiga kelele, “Bumbuli! Bumbuli!” Lakini njia ile kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, na mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Dereva akasema, “Huko tutazama matopeni, na mtoto atazaliwa matopeni. Narudi Lushoto, kwenye lami.” Mama wa kabichi akalia kwamba mali yake itaoza na fedha ni ya mkopo. Nasi, tukiri kweli, hatukumkemea, maana moyoni tulikuwa tukihesabu saa zetu vilevile. Dereva hakujibu mtu. Akageuza gari mahali ambapo sisi tusingethubutu kugeuza hata punda, akapanda. Mama wa kabichi ndiye aliyekwenda nyuma akampakata yule binti kichwa njia nzima, akimwita mwanangu.

Tukamwacha hospitali ya Lushoto, tukashuka tena, tukangoja penye maporomoko hata saa nane mchana ndipo njia ikapitika. Mombo tuliondoka saa kumi, na uwanjani tukafika saa nne na nusu usiku, tukiwaza jinsi kijana atakavyotulaumu.

Hakuwako! Ndege yenyewe ilikuwa haijafika. Akatokea saa nane usiku, macho mekundu, akatueleza. Walipokuwa juu ya bahari ya Mediterania mzee mmoja alishikwa na kifua. Wahudumu wakauliza kama yumo daktari kati ya abiria, akainuka mmoja. Kisha rubani akageuza, akatua Athens. Kijana alisema ulikuwako uwanja mwingine karibu zaidi, kisiwani, lakini rubani hutazama mambo mengi: njia ya kutulia iwe ndefu ya kutosha, hali ya hewa iwe njema, na hospitali yenye nguvu iwe jirani. Tukamkumbuka dereva wetu na matope ya Bumbuli.

Tena tulijifunza kwamba ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuondoka na mafuta ya kufika tu. Sharti ichukue ya kufika, na ya kwenda uwanja wa pili uliochaguliwa kabla ya safari, na juu yake akiba ya dakika 30 ya kuzunguka angani. Basi kugeuka si fedheha ya rubani. Kumeandikwa katika hesabu yake tangu asubuhi. Sote twakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa ikienda Bukoba ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja, hali ya hewa ikiwa mbaya: watu 43 walikuwamo, na 19 wakafa. Tangu siku ile tukiambiwa uwanjani tungoje wingu lipite, twangoja.

Tulimwuliza kijana habari ya yule mzee. Alisema walimshusha kwa machela akiwa hai, mkewe akimfuata na viatu vyake mkononi. Zaidi ya hapo hakusikia neno.

Siku ya tatu tulirudi Lushoto, tukapita hospitali. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo mno, mwenye sauti kubwa. Kando ya kitanda palikuwa na kabichi mbili.