Uzi Mfupi wa Juu

Jumamosi, 10 Mei 2025. Durham, North Carolina

Mwalimu wa banjo leo kanikataza kudonoa nyuzi kwenda juu kama nilivyozoea kwenye gitaa. Ukucha wa kidole cha shahada unashuka na kuugonga uzi kwa mgongo wake. Gumba, lililokwisha tua kwenye uzi mfupi, ndipo linauachia ulie. Ukucha, gumba, ukucha, gumba. Uzi huo hauanzii kichwani kama wenzake, umefungwa katikati ya shingo. Una sauti nyembamba kuliko zote, nao umewekwa juu kabisa, pale mpiga gitaa anapotegemea besi. Mkono umegoma.

Jumapili, 11 Mei

Nimeshinda kwenye video za akonting, ala ya Wajola wa Gambia na Casamance, kule Senegal. Kibuyu kimewambwa ngozi ya mbuzi, mti mrefu umekipenya, nyuzi tatu, siku hizi za mshipi wa kuvulia samaki. Mmoja mfupi, upande wa gumba. Mzee anapiga: ukucha unashuka, gumba linaachia. Somo la jana lile lile!

Daniel Jatta, Mgambia, aliipeleka Marekani mwaka 2000, mbele ya wakusanyaji wa banjo za kale. Kinachonishawishi kwamba ina undugu na banjo si ngozi. Ngozi hata gambusi letu la pwani linayo, na asili yake ni Yemen. Uzi mfupi na mwendo wa mkono, hayo hayaokotwi njiani. Sisemi akonting ndiyo mama wa banjo. Afrika Magharibi ina ala nyingi za ukoo huo, na banjo yenyewe iliundwa ng'ambo, huko Karibi, na watumwa waliotoka makabila mbalimbali.

Alhamisi, 15 Mei

Hans Sloane, tabibu mzaliwa wa Ireland, alizikuta ala za namna hii Jamaika miaka ya 1680, na mwaka 1707 akachapisha mchoro wa ala hizo. Kisha kuna picha aliyoichora John Rose wa South Carolina mwishoni mwa miaka ya 1700: watumwa wanacheza, mmoja kashika banjo ya kibuyu, na uzi mfupi unaonekana waziwazi. Basi ile hadithi kwamba uzi huo ulibuniwa na Joel Sweeney, Mzungu wa Virginia aliyezaliwa 1810, haina miguu. Na yeye alifundishwa na Weusi.

Mwaka 1843, New York, Wazungu waliojipaka weusi usoni waliwachekesha watu jukwaani wakiwa na banjo hiyo hiyo. Ala ikawa ya kumdhihaki mwenyewe. Miaka ya 1920 kampuni za santuri zikamaliza kazi: nyimbo za Weusi orodha yake, za Wazungu wa milimani orodha yake, na banjo ikahesabiwa ya hao wa pili.

Jumanne, 20 Mei

Mebane si mbali na hapa. Huko aliishi Joe Thompson, mpiga fidla Mweusi. Binamu yake Odell alimpigia banjo. Mwaka 2005, baada ya mkutano wa wapiga banjo Weusi mjini Boone, vijana, Rhiannon Giddens akiwamo, wakawa wanakwenda kujifunza kwa Mzee Joe. Ndio bendi ya Carolina Chocolate Drops, walioshinda Grammy 2011. Mzee alifariki mwaka uliofuata, ana miaka 93. Banjo inayosikika kwenye "Texas Hold 'Em" ya Beyoncé, 2024, anapiga Rhiannon.

Mdogo wangu wa Tanga anaujua wimbo huo tu. Nimemwandikia aanze na Joe na Odell.