Njia ya Parsons

Twawasimulia habari za Parsons, mji mdogo wa reli katika Kansas, Marekani. Huko palikuwa na nyumba ya mwisho duniani ya kusafisha filamu za rangi ziitwazo Kodachrome, zilizoanza kuuzwa mwaka 1935. Tarehe 30 Desemba 2010 ikawa siku ya mwisho ya kuzipokea.

Basi katika sinema ya mwaka 2017, yenye jina la filamu hizo, mzee mpiga picha, mgonjwa wa kufa, ataka kufika Parsons kabla mlango haujafungwa. Mwanawe, waliyekosana naye miaka mingi, amchukua kwa motokaa toka New York, mwendo wa kama kilomita 2,000. Twakiri, mwisho tuliujua tangu mwanzo: watagombana, watanyamaza, watapatana. Walakini hatukuinuka vitini. Maana mzee yule ni mkali, wala hajui kutaka radhi. Na wa namna hiyo tunao nyumbani mwetu.

Filamu zikafika kwa wakati. Mzee akafa asizione. Mwana ndiye aliyezitazama: mlikuwamo mama yake, na yeye mwenyewe angali mtoto mdogo, wamepigwa picha na baba.