Njahi Si ya Mzazi Pekee

Huenda njahi unaijua sufuriani tu: zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe, ambazo katika nyumba nyingi za Agikuyu hupondwa pamoja na ndizi ili mama aliyejifungua apate nguvu. Leo nakuomba uitazame ingali shambani. Ninayo sababu. Nusu eka ya Mama huko Murang'a imetutia mimi na kaka yangu mkubwa katika mabishano yasiyokwisha.

Kaka ni mtu wa usafi. Mahindi yakishavunwa hung'oa mabua, akayachoma, akalima mpaka ardhi ikabaki nyekundu, tupu, kama uwanja uliofagiwa kungoja harusi. Majirani humsifu. Lakini tangu Januari hadi Machi jua huichoma ardhi ile, na mvua ya kwanza inaposhuka matone huuponda udongo, uso wake ukajifunga, maji yakateremka nao mtoni. Tope la namna hiyo ndilo linalozidi kujaza bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981. Nawe wa Nairobi usidhani hayakuhusu: maji mengi ya mfereji wako hutoka bwawa la Ndakaini, kuko huko Murang'a.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Katika kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye afya mnaweza kuwa na bakteria bilioni moja, mbali na kuvu. Viumbe hawa hula mabaki ya mimea yanayooza, na pia sukari inayotolewa na mizizi iliyo hai. Ukiiacha ardhi tupu miezi mitatu, umewafungia jikoni.

Na hawali bure. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuitumia ilivyo. Bakteria waitwao rizobiamu huingia katika mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, wakajengewa vinundu, na humo huigeuza naitrojeni ikawa chakula cha mmea. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walilitangaza jambo hili mwaka wa 1886. Nyanya zetu walikuwa wakipanda njahi bila kumsikia Mjerumani yeyote!

Wewe mwanafunzi, ukienda mashambani likizo hii, chimbua mche mmoja wa njahi taratibu na ukipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wamo kazini. Kikiwa cheupe au kijivu, bado hakifanyi kazi au kimeshachoka. Kuvu huwezi kuwaona kwa urahisi hivyo, lakini nyuzi zao nyembamba hufika pasipofikiwa na mizizi, zikauletea mmea fosforasi, na hushikanisha udongo katika chembechembe zinazopitisha maji.

Kwa hiyo nilimwambia Kaka tupande njahi katikati ya mahindi yanapofika magotini. Ukizipanda mapema zaidi, zitayapanda mahindi na kuyasonga. Hilo Kaka analisema, na ni kweli. Mahindi yakiondoka, njahi hubaki kijani kiangazi chote kwa sababu mizizi yake huzama mbali. Kisha majani hukatwa na kulazwa papo hapo, bila kiberiti.

Simwahidi mtu miujiza. Ukivuna mbegu zote na majani ukampa ng'ombe, naitrojeni nyingi imeondoka. Sharti samadi irudi shambani. Na fosforasi isiyokuwamo udongoni kuvu hawawezi kuiumba, kwa hivyo mbolea ya dukani hatujaiaga. Lakini mwaka wa 2022, mfuko wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000, Mama alipanda kwa nusu ya mbolea aliyoizoea, na mahindi yakamwishia kabla ya Krismasi. Tangu hapo sipendi kuona ghala lake likitegemea bei ya mfuko peke yake.

Mwisho Mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Upande wa chini, unaoteremkia mtoni, ni wa njahi kwa misimu miwili. Wa juu Kaka aufagie apendavyo, na magunia yatahesabiwa mbele yake. Kaka amekubali, ila mbegu, asema, nitanunua mimi.