Baba Aliyefukua Kaburi

Daktari Louis Creed anauruka ua wa chuma wa makaburi ya Bangor usiku wa manane, sepetu na turubai mkononi, akachimba mpaka akalifikia jeneza la mwanawe Gage. Mtoto huyo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema alipogongwa na lori mbele ya nyumba yao. Louis anamtoa, anamfunga kwenye turubai, anampakia garini. Nia yake ni kumzika upya katika ardhi ya kale nyuma ya msitu, ardhi inayowarudisha wafu.

Stephen King aliiandika riwaya ya *Pet Sematary* ili tumhurumie mtu huyu, nasi tunamhurumia. Lakini ukiisoma ukiwa mtoto wa Kiogoro, hapa Nyaribari Chache, Kisii, kuna jambo linakukaba koo kabla maiti haijafumbua jicho. Kwetu, anayefukua kaburi usiku ana jina. Ni omorogi. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba mchawi hutambulikana kwa kazi hiyo hasa: huja gizani baada ya mazishi, akachukua alichokuja kuchukua. Ndiyo maana wazee walisisitiza kaburi bichi lilindwe, na vijana wakakesha kando yake na moto. Kitabu hiki ndicho cha kwanza nilichokisoma ambamo omorogi ni baba mfiwa, na kinachomsukuma ni mapenzi.

King hakuyabuni yote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliishi Orrington, jimbo la Maine, kando ya barabara ya malori. Paka wa bintiye aliuawa pale, na siku moja mwanawe mdogo nusura aingie barabarani lori likija. Aliandika yale ambayo yangefuata kama mtoto asingewahiwa, kisha akauweka mswada kando kwa kuuona umepita kiasi. Ulichapishwa mwaka 1983 kwa sababu alikuwa na deni la kitabu kwa mchapishaji wake.

Katika riwaya, watu wengi hukumbuka paka wa akina Creed, anayerudi kutoka ardhi ile akinuka udongo. Mimi hukumbuka ugomvi. Siku ya kuaga mwili, baba mkwe wa Louis anamlaumu kwa kifo cha mtoto, ngumi zinarushwa, na jeneza dogo linaanguka sakafuni. Hakuna zimwi ukurasa ule. Ni wafiwa wawili tu wanaotafuta wa kumbebesha kifo, na kila aliyewahi kukaa kwenye matanga ameona kitu cha jinsi hiyo, pengine bila ngumi.

Kwetu matanga huwa na maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti: ameuawa na nini? Daktari ameshalijibu kwenye karatasi ya mochari, ni malaria, ni sukari, ni pikipiki. La pili hunong'onwa nyuma ya jiko: ni nani? Hilo halitoshelezwi na karatasi yoyote. Mtoto akifa, hasa mtoto, maradhi huonekana kuwa sababu ndogo mno kwa msiba mkubwa hivyo. Jina likishatajwa, uchungu hupata mahali pa kwenda, na kwa kawaida huenda kwenye nyumba ya kikongwe anayeishi peke yake.

Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, wazee zaidi ya 10, wengi wao wanawake, waliuawa kwa tuhuma za uchawi na nyumba zao zikachomwa moto. Oktoba 2021 huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa vivyo hivyo. Hawakukutwa na sepetu. Kitu cha kutisha katika riwaya ni kile kinachorudi kutoka kaburini; hapa waliotisha walikuwa hai, wengi wao majirani, na walikwenda kwa miguu yao.

Said Ahmed Mohamed naye alimrudisha mfu katika *Babu Alipofufuka* ya mwaka 2001, ila babu yule anakuja na hoja: anamdai mjukuu wake, mtu mkubwa wa serikali, hesabu ya maisha yake. Huyo ni mfu ninayemfahamu. Hata ebirecha, mizimu ya wazee wetu, walisemekana kurudi wakiwa na madai. Gage anarudi bila dai lolote. Anarudi na kisu. Sina hakika kwamba King alihitaji kisu hicho, maana kitabu kilikwisha kunimaliza pale makaburini, Louis alipomkumbatia mtoto na kuanza kumsemesha.

Shangazi yangu alizika mtoto wake wa pili nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni, mahali ambapo sasa migomba imesongana. Yeye hasomi riwaya. Nilimsimulia hii ya King kwa Ekegusii tukichuma chai, nikitarajia aogope ule msitu au paka. Alisikiliza mpaka Louis alipofika kwenye ua wa makaburi, akanikatiza.

"Nduguze walikuwa wapi?"

Nikamwambia mke na binti alikuwa amewapeleka Chicago kwa wakwe, makusudi, ili abaki peke yake. Jirani mmoja mzee alishuku, akakaa nyumbani kwake kuangalia barabara, lakini alikunywa bia na usingizi ukamchukua.

"Mzee mmoja," shangazi alisema. "Mtu amezika mtoto juzi, wakamwachia mzee mmoja." Aliuliza kama huko hakuna vijana wa kukesha na mfiwa, kisha akataka kujua yule mama, atakaporudi kutoka Chicago, atapokewa na nani. Nikamwambia atapokewa na mtoto. Aliweka kikapu chini, akanitaka nisiendelee.