Msinja, Mji wa Mvua Chini ya Kilima Kitakatifu

Mama mmoja, mkazi wa makao ya wakimbizi ya Dzaleka, alikuwa amefika mjini Lilongwe kumpeleka mwanawe kwa daktari. Jua la mwezi wa Oktoba lilikuwa kali, na mtoto akaomba maji. Mama akafungua bomba lililokuwa karibu, akakinga kikombe, akamnywesha.

"Mama, maji haya yanatoka wapi?" mtoto aliuliza.

"Bombani, mwanangu."

"Na bomba linayatoa wapi?"

Mama akacheka, asiwe na la kujibu.

Swali la mtoto yule ni swali la haki. Maji yanywewayo Lilongwe yana historia ndefu kuliko mji wenyewe, na anayeifuata historia hiyo hufikishwa kwenye kilima ambacho Wachewa wa kale walikihesabu kuwa ndipo dunia ilipoanzia, na karibu yake palikuwa na mji wa ibada ulioongozwa na mwanamke.

Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe

Dzaleka iko katika Wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Jina lenyewe kwa Kichewa hufasiriwa kuwa ni "sitarudia tena", na haishangazi, kwani wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza. Mwaka 1994 palifunguliwa kuwa makao ya wakimbizi. Palipangiwa watu kiasi cha 10,000 tu, lakini leo wapo zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mgeni aingiaye sokoni husikia Kiswahili kila upande, hata akasahau kwamba yuko katika nchi ya Wachewa.

Kusafiri kwa wakazi hao si jambo jepesi. Taratibu za Malawi huwataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 Serikali iliwaamuru wale waliokuwa wamehamia mijini warudi Dzaleka. Kwa hiyo wako wengi walioishi miaka mingi katika nchi hii bila kupata nafasi ya kuitazama. Safari ya kwenda kwenye kilima kitakatifu wataifanya kwa kusoma, na hata hiyo ni safari.

Lilongwe nao ni mji mchanga. Uliitwa kwa jina la mto upitao katikati yake, na ukawa makao makuu ya nchi mwaka 1975, badala ya Zomba. Msafiri akiuacha mji na kuelekea kusini-magharibi, hupita mashamba ya mahindi na tumbaku, na mbele yake huanza kuonekana safu ya milima ya rangi ya buluu iliyofifia. Hiyo ndiyo Dzalanyama, iliyo mpakani mwa Malawi na Msumbiji. Ajuaye Kiswahili hahitaji mkalimani mkubwa kulifahamu jina hilo: "dzala" ni ndugu wa neno letu "jaa", na "nyama" ni wanyama. Ni milima iliyojaa wanyama.

Kilima cha nyayo

Katika safu hiyo kuna kilima kiitwacho Kaphirintiwa. "Phiri" kwa Kichewa ni mlima, na "kaphiri" ni kilima kidogo. Si mlima wa kutisha kwa kimo, wala hauna theluji kama Kilimanjaro. Utukufu wake umo katika hadithi.

Wazee wa Kichewa husimulia kwamba hapo zamani Mwenyezi Mungu, ambaye humwita Chiuta, alishuka kutoka mbinguni pamoja na mvua, akiwa na mwanamume na mwanamke wa kwanza na wanyama wa kila aina. Ardhi ilikuwa laini kama udongo wa mfinyanzi, nao walipokanyaga wakaacha nyayo zao. Kisha ardhi ikakauka ikawa mwamba, na alama zinazoonekana juu ya jiwe huko Kaphirintiwa huhesabiwa kuwa ndizo nyayo hizo.

Siku hizo Mungu, watu na wanyama waliishi pamoja kwa amani. Ndipo siku moja mtu alipokuwa akichezea vijiti viwili, akivipekecha bila kusudi, moto ukatoka. Majani yakawaka. Mbwa na mbuzi wakakimbilia kwa mtu, na wanyama wengine wote wakakimbilia porini wakiwa na hasira. Kinyonga alipanda mtini, akamwita Mungu amfuate, lakini Mungu alikuwa mzee na hakuweza kupanda. Buibui akafuma uzi, na kwa uzi huo Mungu akapanda juu, akaiacha dunia kwa sababu ya moto wa mwanadamu.

Msomaji aikumbuke hadithi hii, kwa maana itarudi mbele.

Makewana na mji wake

Kwanza watu walikwenda kufanya ibada kilimani penyewe. Baadaye, yasimuliwa, mahali pa ibada palihamishiwa Msinja, katika nchi tambarare iliyo karibu na milima. Hapo palikua mji ambao kazi yake kubwa ilikuwa kuomba mvua.

Mkuu wa mji huo alikuwa mwanamke aliyeitwa Makewana, maana yake mama wa watoto, yaani mama wa watu wote. Hakuolewa kama wanawake wengine. Nywele zake hazikukatwa, kwa kuwa iliaminiwa kwamba kuzikata ni kuikata mvua. Alihudumiwa na wasichana walioitwa matsano, nao walitakiwa kuishi kwa miiko. Walikuwapo pia wazee wa heshima, kama Kamundi wa ukoo wa Mbewe, na Tsang'oma. Ngoma kuu ya mji iliitwa Mbiriwiri, nayo haikuwa ngoma ya mchezo. Msomaji atokaye Burundi atalielewa jambo hili upesi akiikumbuka Karyenda, ngoma takatifu ya wafalme wa kwao, na mahali pa ngoma pa Gishora.

Mvua ilipochelewa, watu walikuja kutoka mbali wakileta zawadi zao, na Makewana alikwenda kwenye kidimbwi kitakatifu kutoa sadaka. Hata wafalme wa ukoo wa Phiri, waliokuja baadaye na kutawala kwa silaha na biashara, hawakuweza kuudharau uwezo huo. Mfalme aliweza kutoza kodi, lakini hakuweza kuamuru wingu.

Habari hizi hazikupotea zote. Bwana W. H. J. Rangeley, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alizikusanya kwa wazee na kuzichapisha mwaka 1952. Baada yake Padri Matthew Schoffeleers, Mholanzi aliyefanya utafiti mwingi nchini Malawi, alionyesha kwamba ibada kama ile ya Msinja zilikuwa pia njia ya kutunza ardhi. Mahali patakatifu hapakuguswa kwa shoka, na msimu wa kulima au wa kuchoma majani haukuwa hiari ya kila mtu. Mwiko ulikuwa ndiyo sheria ya misitu ya siku hizo, na mlinzi wake alikuwa hofu ya kukosa mvua.

Mfano wa Japani

Si Wachewa peke yao walioweka mji wa ibada chini ya mlima. Huko Japani, chini ya Mlima Fuji wenye kimo cha mita 3,776, uko mji wa Fujinomiya wenye wakazi zaidi ya 120,000. Ndani yake limo hekalu la Hongu Sengen Taisha, ambalo kwa mapokeo yao lilijengwa mahali hapo mwaka 806. Huabudiwa humo mungu wa kike, Konohanasakuya, anayeombwa autulize moto wa mlima, kwa kuwa Fuji ni volkano na mara ya mwisho ililipuka mwaka 1707. Kando ya hekalu kuna bwawa la Wakutama. Maji yake ni theluji ya mlimani iliyoyeyuka, ikapenya miambani na kuchipuka tena chini ikiwa safi. Mahujaji wa zamani walijitakasa kwa maji hayo kabla ya kupanda.

Mahali hapa pawili panafanana ajabu: mlima, maji, na mamlaka ya kike yanayozuia moto. Lakini zipo tofauti mbili za kuzingatiwa. Ya kwanza, wanawake wa Japani walikatazwa kupanda hadi kileleni mpaka mwaka 1872, ilhali Msinja uliongozwa na mwanamke. Ya pili, na yenye kuumiza, ni kwamba hekalu la Fujinomiya bado limesimama, kilele cha mlima kimo mikononi mwake, na mwaka 2013 Fuji uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Msinja haupo tena.

Kilichouvunja Msinja ni vita. Katika karne ya 19 Wangoni waliingia nchi hizi kutoka kusini, kundi lao moja likiwa limevuka Mto Zambezi mwaka 1835. Mashambulizi yao yaliuharibu mji wa mvua, na watu wake wakatawanyika. Msomaji wa Dzaleka hahitaji kufafanuliwa maana ya mji kushambuliwa na watu wake kukimbia na kile walichoweza kubeba. Naye ajua kwamba nyumba huteketea kwa siku moja, lakini desturi hubebwa kichwani, nayo hudumu maadamu kuna anayemsimulia mtoto.

Kutoka mlimani hadi bombani

Sasa na tumjibu mtoto yule. Mto Lilongwe huanzia milima ya Dzalanyama. Maji yake huzuiwa katika mabwawa mawili, Kamuzu la Kwanza lililojengwa mwaka 1966 na Kamuzu la Pili la mwaka 1989, kisha husafishwa na kupelekwa mjini kwa mabomba. Basi mtoto wa Dzaleka aliyekunywa kikombe kile alikunywa maji ya milima ile ile ambayo Makewana aliiombea mvua. Ibada imekwisha, mji umetoweka, lakini mlima haujaacha kutoa maji.

La kusikitisha ni kwamba mlima huo unavuliwa nguo. Msitu wa Dzalanyama ulianza kuhifadhiwa kisheria mwaka 1922, lakini kwa miaka mingi sasa miti yake imekuwa ikikatwa kwa ajili ya kuni na mkaa. Alfajiri huonekana vijana wakisukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya mkaa hadi zisionekane, wakielekea Lilongwe. Wanajeshi wamepata kupelekwa kuulinda msitu. Japani nayo, nchi ya Fuji, ilisaidia mpango wa uhifadhi. Hata hivyo shoka halijanyamaza, kwa sababu nchini Malawi zaidi ya watu 9 katika kila 10 hupika kwa kuni au mkaa. Si haki kumlaumu mwenye baiskeli peke yake, naye ana watoto wanaomngoja. Gunia lake lina mnunuzi.

Mlima ukiwa na miti, mvua huingia ardhini polepole na kuulisha mto hata wakati wa kiangazi. Mlima ukiwa mtupu, maji huteremka kwa ghadhabu pamoja na udongo, yakajaza tope mabwawani, na baada ya muda mfupi mto ukapungua. Tena mvua yenyewe siku hizi si ya kutegemewa. Mwezi Machi 2024 Rais wa Malawi alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 kwa sababu ya ukame.

Hapo ndipo hadithi ya Kaphirintiwa inaporudi. Wazee walisema kwamba moto wa mwanadamu ndio uliowafukuza wanyama na kumwondoa Mungu kilimani. Leo milima iliyoitwa kwa wingi wa wanyama inapungukiwa miti ili moto uwake majikoni. Anayeiamini hadithi na asiyeiamini wote wawili wanaona jambo lile lile likitendeka.

Kazi ya jikoni

Mwiko wa Makewana hauwezi kurudishwa kwa amri, na wenye dini zao hawatakiwi kuziacha. Lakini heshima iliyokuwamo ndani ya mwiko inaweza kuanzia nyumbani. Jiko la udongo linalobana moto, ambalo Malawi huitwa chitetezo mbaula, hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu, na akina mama wanaweza kulifinyanga wenyewe wakifundishwa. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi. Sufuria iliyofunikwa haipotezi joto, na kuni kavu hazijazi moshi nyumbani. Anayepata nafasi apande mti karibu na nyumba yake, hata kama nyumba hiyo anaihesabu kuwa ya kupita tu, kwani kivuli chake atakaa mwingine.

Na mtoto akiuliza tena maji yanatoka wapi, asijibiwe kwamba yanatoka bombani. Aambiwe kwamba yanatoka mlimani, kwamba chini ya mlima huo palikuwa na mji, na kwamba katika mji huo aliishi mama ambaye hakukata nywele zake ili watoto wa watu wote wapate kunywa.