Mji Unaoitwa Jehanamu, na Jiwe Nililorudi Nalo

Wewe uliyesoma shule ya msingi za uswahilini utanielewa haraka. Ijumaa mchana mwalimu wa zamu anatangaza: Jumatatu kila mmoja aje na mawe mabovu mawili. Siyo mawe ya kujengea bwana, mawe ya redio! Yale ya National yaliyokwisha nguvu, ambayo baba ameshayaanika juani mara tatu ili asikilize mpira. Tunayapasua kwa tofali, tunatoa ule unga mweusi, tunatwanga pamoja na mkaa na majani ya matembele, kisha tunapaka ubao. Ubao unang'aa ile mbaya. Mikono sasa! Siku tatu unakula ugali na weusi kwenye kucha. Kile kijiti cha katikati tulikuwa tunachorea kuta za watu, kesi zake tuziache.

Hakuna mwalimu aliyetuambia ule unga unatoka wapi, na mimi sikuwahi kuuliza. Nikaja kuukuta kwao, huko Bondeni, Januari 2024, joto likiwa limepita nyuzi 38 na shati limenigandia mgongoni kama plasta.

Safari yenyewe haikuwa ya starehe. Nilitumwa na mama mkubwa wa Magomeni. Mwanawe, ambaye ni kaka yangu, alivuka mpaka mwaka 2009 akisema anakwenda kutafuta miezi sita. Miezi sita ikawa miaka kumi na tano. Pesa anatuma, simu anapiga, lakini mama mkubwa ana masikio. "Anaongea na mimi huku anakohoa," aliniambia. "Nikimuuliza anasema ni vumbi. Vumbi gani hilo lisiloisha? Nenda kamwone kwa macho yako. Kama ana mke wa huko, sawa, aje naye. Kama anaumwa, mwambie mama yake hakuzaa mtoto wa kuzikwa na wageni."

Mtu akikuambia hivyo unapanda gari.

Johannesburg mpaka Kuruman ni zaidi ya kilometa 500 kuelekea magharibi. Mwanzoni unaona mashamba ya mahindi mpaka unachoka. Ukishapita Vryburg nchi inabadilika, majani yanakuwa makavu, miti inakuwa mifupi yenye miba, udongo unageuka mwekundu kama umemwagiwa pilipili ya unga. Kuruman yenyewe ni mji mdogo, lakini katikati yake kuna chemchemi inayotoa kama lita milioni 20 za maji safi kila siku, pembeni kabisa mwa jangwa la Kalahari! Pale pia ndipo mmisionari Moffat alipochapa Biblia ya Kitswana, na ndipo yule Livingstone wetu wa Ujiji alipompata mkewe Mary, binti wa Moffat, wakaoana mwaka 1845. Kwa hiyo babu kabla ya kupotea porini kwetu alikuwa ameshatulia kwa wakwe.

Kaka alinipokea na kipikapu chake. Amekonda kidogo, mvi mbili tatu, kicheko kile kile. Nikamwamkia, akanikumbatia, halafu akageuka pembeni akakohoa. Nikajifanya sijasikia.

Kutoka hapo mpaka anapoishi ni chini ya saa moja. Kibao cha mji kimeandikwa Hotazel. Nikadhani ni jina la Kizungu cha kiungwana. Kaka akacheka: "Lisome haraka haraka." Nikalisoma haraka. Kumbe wapima ardhi wa zamani walifika hapo siku ya joto kali, wakasema pana joto kama jehanamu, wakaliandika kwa tahajia ya ujanja na jina likabaki kwenye ramani. Kwa sensa ya 2011 watu wake hawakufika elfu mbili. Barabara chache, miti iliyopandwa, nyumba za wafanyakazi, na pembeni milima ya kifusi cheusi. Weusi wenyewe siyo wa mkaa. Una mng'ao wa chuma, na jua likiupiga unafumba macho.

Hapo chini yako, kaka akaniambia, umekaa juu ya manganisi nyingi kuliko mahali pengine popote panapojulikana kwenye nchi kavu ya dunia. Hakuwa anatia chumvi. Miamba ile ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Wakati huo hapo palikuwa bahari, na hewa ya oksijeni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuongezeka duniani. Manganisi iliyokuwa imeyeyuka majini ikakutana na hali hiyo, ikaganda, ikazama chini tabaka juu ya tabaka. Yaani ni kutu ya bahari ya kale. Mwaka 1907 mwanajiolojia A. W. Rogers aliandika habari za kilima cheusi kilichochomoza peke yake mchangani, wanakiita Black Rock, na kuchimba kukaanza pale mwaka 1940.

Kuingia mgodini sikuruhusiwa, mgeni asiye na kibali huishia getini. Lakini kaka ana mgodi wake mdogo dirishani kwake: mawe matatu, ameyapanga kama vikombe vya ligi.

La kwanza alinipa bila kuniambia kitu, mkono ukashuka. Zito! Kokoto ya kawaida haifiki mara tatu ya uzito wa maji ya ujazo uleule, lakini haya meusi yanafika mara nne na nusu na zaidi. Hilo ni hausmaniti, jeusi lenye nyuso ndogo zinazong'aa. Akachukua kipande cha kigae kilichovunjika, akanigeuzia upande wa nyuma usio na rangi, akasema, "Chora." Nikachora. Mstari ukatoka kahawia yenye wekundu, kama chai ya rangi. Jiwe jeusi linaandika kahawia! Ndivyo wanavyoyatambua, maana kwa macho yote ni meusi tu, kama pacha wa familia moja.

La pili lilikuwa laini, pirolusiti. Ulishike tu, vidole vinakuwa kama vya fundi gereji. Nilipoona ule weusi kwenye kucha nikarudi darasa la tatu moja kwa moja. Ndiyo huo huo! Unga wa jiwe la redio ni oksidi ya manganisi iliyochanganywa na unga wa kaboni na chumvi zake. Tulikuwa tunaliita jiwe bila kujua tumelipatia.

La tatu ndilo lililoniteka. Alipewa na mfanyakazi mwenzake kutoka Postmasburg, upande wa kusini, ambako manganisi ilianza kuchimbwa kabla ya huku. Halina nyuso wala ncha. Ni vinundu vya mviringo vimebanana kama kichala cha zabibu, vyeusi, vimeng'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Wenyewe huliita silomelani, jina la Kigiriki lenye maana kama "jeusi lenye kipara". Nikampenda aliyelibuni! Mwaka 1982 wakubwa wa elimu ya madini waliliondoa kwenye orodha ya madini halisi, kwa sababu walipolitazama kwa mitambo waligundua ni mchanganyiko: oksidi za manganisi zenye bariamu, nyingine zenye potasiamu, na kila moja ina jina lake. Lakini mgodini na sokoni jina la zamani bado linatumika, na linatumika kwa ugumu wake. Nikalikwaruza kwa sarafu, wapi. Kwa kisu, kisu kikaacha alama yake mwenyewe. Nikalipeleka kwenye chupa ya bia, chupa ikachanika. Na vidole? Visafi kabisa. Gumu halichafui mtu.

"Ngoja nikuonyeshe kiini macho," kaka akasema. Akaleta ile dawa ya maji ya kuoshea vidonda, haidrojeni peroksaidi, akadondoshea matone juu ya jiwe. Likachemka povu kama soda! Nikakumbuka kidato cha pili, mwalimu wa kemia na chupa zake, kutengeneza oksijeni. Jiwe linaiharakisha dawa kutoa hewa, lenyewe halipungui hata chembe. Mwanakemia Scheele naye aliwahi kumwagia asidi ya chumvi madini ya jamii hii, mwaka 1774, akapata hewa ya kijani-njano inayokaba koo. Ilikuwa klorini. Hiyo usijaribu jikoni kwako.

Jioni tulikwenda kusimama karibu na reli. Behewa baada ya behewa baada ya behewa. Niliacha kuhesabu. Mwaka 2019 walifunga mabehewa 375 kwenye treni moja ya manganisi, urefu wa kilometa 4, likashuka mpaka bandari ya Saldanha. Mzigo mkubwa unaondoka ukiwa jiwe ghafi, na China ndiyo mnunuzi mkubwa. Huko sehemu kubwa inaingia kwenye chuma, maana chuma bila manganisi hakina uvumilivu. Mwingereza Hadfield alitia kama asilimia 12 mwaka 1882, akapata chuma ambacho ukikigonga kinazidi kuwa kigumu. Ndicho kinachowekwa pale reli zinapokatizana. Kwa hiyo lile treni linapita juu ya ndugu zake.

Pale relini ndipo nikatoa nilichotumwa.

"Kaka, mama anauliza hicho kikohozi."

Akanyamaza mpaka behewa la mwisho lilipopita. Halafu akaniambia kazi yake, ambayo kwa miaka yote alikuwa anasema tu "dereva". Anaendesha gari la maji. Kutwa nzima anazunguka barabara za mgodini akimwagia maji ili vumbi lisipae. Analala vumbi, anaamka vumbi, adui yake ni vumbi. "Jiwe likiwa zima halina shida na mtu, mdogo wangu. Unaweza kulalia. Likisagwa, likipeperuka, ukalivuta miaka, ndiyo balaa."

Balaa lenyewe limejulikana tangu 1837, daktari John Couper wa Glasgow alipoandika habari za wafanyakazi waliokuwa wanasaga oksidi hii nyeusi. Siyo mapafu tu. Manganisi nyingi mwilini hushika ubongo. Uso unakakamaa kama kinyago, mikono inatetemeka, na mtu anatembea kwa ncha za vidole kama jogoo. Kaka alimjua mzee mmoja wa kazi za zamani aliyekuwa anatembea hivyo. Watoto walikuwa wanamcheka njiani.

"Na wewe?"

Akanipeleka nyumbani akanitolea karatasi. Kila mwaka wanapimwa, wanapigwa picha ya kifua. Ya mwisho ilikuwa na miezi minne, imeandikwa hakuna kasoro. Kikohozi ni cha koo, daktari amemwambia avae barakoa hata anaposhuka kukojoa. Nikaisoma mara mbili. Nikamwambia anyooshe mikono. Akanyoosha, ikatulia. Akacheka, "Umekuwa daktari?" Nikamwambia atembee mpaka mlangoni na arudi. Akatembea, kwa soli nzima, kama mtu wa Magomeni.

"Basi rudi nyumbani, kaka."

"Na nini? Kiwanja sina. Nikae sebuleni kwa mama na mvi hizi? Nipe miaka miwili."

Mkataba wenyewe ulikuwa umebakiza miaka miwili, hilo nililiona kwenye karatasi nyingine. Sikubishana naye. Mimi mwenyewe nimepanga chumba.

Aliponisindikiza stendi ya Kuruman alinipa lile la Postmasburg, limefungwa kwenye gazeti. "Mpe mama. Mwambie asilitwange." Uwanja wa ndege walilipitisha kwenye mashine mara tatu, yule dada wa usalama akalibeba kwa mikono miwili akaniuliza ni bomu gani hili. Nikamwambia ni zawadi ya mama. Akaniangalia kwa huruma.

Mama mkubwa alilipima kwa mkono, akalishusha chini taratibu. Nilikuwa nimeshamweleza habari za karatasi, za mikono, za kutembea mpaka mlangoni. Alinifanya nirudie ya kutembea.

"Kwa hiyo hili ndilo linalomweka huko?"

"Ndilo, mama."

Sasa hivi linazuia mlango wa sebuleni usipigwe na upepo. Wajukuu wameonywa wasiliguse. Juzi nilipopita nikamkuta amekaa kwenye kigoda, ndoo ya maji pembeni, analisugua kile kipara kwa sabuni na dodoki, kinundu kimoja kimoja.