Gesi ya Kiyoyozi cha Gari Haiishi, Huvuja

Upo usemi uliozoeleka katika gereji zetu kwamba kiyoyozi cha gari kikipungua ubaridi, basi gesi imekwisha. Usemi huu huwagharimu wenye magari makuukuu fedha nyingi kila msimu wa joto, nasi tumeona ni vyema kuuzungumza katika ukurasa huu wa familia. Petroli huisha kwa sababu huchomwa. Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: husukumwa na kompresa, hupita kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta na kuacha joto lake hapo, huingia kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi na kuchukua joto la ndani ya gari, kisha hurejea ilikotoka. Ni kweli kwamba gari la miaka mingi hupoteza kiasi kidogo kupitia mipira yake. Lakini gesi ikipungua sana ndani ya miezi michache, ipo mahali inapotokea, na kuiongeza bila kupatafuta mahali hapo ni kutia maji ndani ya pakacha.

Jambo hili tumelikabili sisi wenyewe katika kamati ya msikiti. Gari letu ni basi dogo la watu 8, lililoundwa Japani mwaka 2002, lenye kiyoyozi cha mbele na cha nyuma. Kazi yake kubwa ni kuwapeleka wazee wa mtaa kliniki, kutoka Mbagala hadi katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kila aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa saa nne asubuhi, mwezi Februari, anajua hali inavyokuwa: joto la nyuzi 32, unyevunyevu wa bahari, na mabati ya gari yanayowaka. Kiyoyozi kilipodhoofika, wazee walianza kutoa udhuru. Bibi mmoja mwenye maradhi ya moyo alituambia kwa upole, "Wanangu, bora nibaki kwangu na vidonge vyangu." Akakosa kliniki mbili mfululizo. Hapo suala likaacha kuwa la starehe.

Katika kikao, wapo walioshauri gesi ijazwe tena, na wapo walioona mfumo mzima ung'olewe na madirisha yafunguliwe. Mweka hazina aliomba kwanza tutazame kumbukumbu. Katika jalada zilikuwamo stakabadhi 3 za kujaza gesi ndani ya miezi 9, kila moja ya shilingi 60,000, na hakuna hata moja iliyoeleza kwamba mahali panapovuja palitafutwa. Mfuko huo hutokana na michango ya waumini, wengine wakitoa shilingi 500 baada ya swala ya Ijumaa. Ni amana, na amana haijazwi kwenye bomba lililotoboka. Tukaafikiana kumwendea fundi mwingine, mtu mzima aliyebobea katika viyoyozi vya magari, na kumwomba aanze na yale yasiyohitaji fedha.

Alianza na upepo. Hewa kuwa kidogo na hewa kuwa vuguvugu, alisema, ni maradhi mawili tofauti. Ikiwa hewa ni baridi lakini inatoka kwa udhaifu, gesi haina kosa. Hutazamwa feni ya ndani pamoja na filta ya hewa, ambayo katika magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Yetu ilikuwa imezibwa na vumbi na majani makavu ya mwarobaini. Hiyo hata mwenye gari aweza kuitoa kwa mkono.

Kisha alisikiliza kompresa. Swichi ya kiyoyozi ikiwashwa, husikika mlio mfupi wa klachi ikishika, na uso wa puli huanza kuzunguka. Isiposhika, hukaguliwa fyuzi, rilei na nyaya kabla ya kulaumu kompresa yenyewe. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi ni pungufu.

Hatua ya tatu ilikuwa swali kwa dereva: kiyoyozi hupoza gari likiwa mwendoni na kuishiwa nguvu kwenye foleni? Dereva akajibu kuwa ndivyo. Gari likienda kasi, upepo wa barabarani ndio unaoipoza kondensa. Kwenye foleni kazi hiyo hubaki kwa feni peke yake. Feni moja kati ya mbili ilikuwa imekufa, na mapezi ya kondensa yalijaa tope na wadudu. Iliyokufa ilibadilishwa, na kondensa ikaoshwa kwa maji ya taratibu, kwani maji ya kasi hulaza mapezi hayo na kuziba njia ya hewa.

Baada ya hayo ndipo zilipofungwa geji mbili, moja upande wa presha ndogo na nyingine upande wa presha kubwa. Kwa gesi ya R-134a inayotumika katika magari ya umri huo, na kwa joto letu la pwani, upande mdogo huwa takriban paundi 30 hadi 45 kwa inchi ya mraba, na upande mkubwa takriban 200 hadi 250. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu, huenda kondensa haipoi au gesi imezidishwa, maana gesi ikizidi kipimo hupunguza ubaridi. Upande mdogo ukipanda na mkubwa ukashuka, kompresa imechoka. Za kwetu zote zilikuwa chini.

Mvujo nao huacha nyayo, kwa kuwa gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa. Fundi alilala chini ya gari na kufuata mabomba ya alumini yaendayo nyuma. Kwenye kiungo kimoja kilicholiwa na kutu nyeupe palikuwa na doa jeusi la mafuta yaliyoshika vumbi. Povu la sabuni likathibitisha. Kipande cha bomba, mipira ya maungio na chujio la kukausha unyevu vilibadilishwa. Hewa ikanyonywa kwa pampu kwa dakika 45, sindano ya geji ikaangaliwa kama itapanda, na ndipo gesi ikatiwa kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Gharama yote ilikuwa shilingi 210,000, zaidi kidogo ya zile stakabadhi 3. Leo ni mwezi wa tano, geji zinasoma vilevile, na yule bibi huenda kliniki yake akimwomba dereva apunguze baridi.

Ndugu wasomaji, yapo mawili ya kukataa kwa ajili ya watoto wenu. La kwanza ni kutiwa gesi ya kupikia badala ya gesi ya kiyoyozi. Ni kweli hupoza, lakini ikivuja ndani ya gari hutosha cheche moja kuleta msiba. La pili ni gesi ya zamani kuachiwa hewani. R-134a huchangia joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito huohuo wa hewa ya ukaa, na ikigusa ngozi au jicho ikiwa kimiminika huunguza kwa baridi. Kwa sababu hiyo mabomba hayafunguliwi nyumbani.

Na fundi atakapokuambia kuwa gesi imekwisha, muulize maswali matatu kwa heshima: Inavuja wapi? Geji zote mbili zinasomaje? Utatia gramu ngapi? Omba majibu yaandikwe kwenye stakabadhi, kisha uitunze. Fundi mwaminifu hatachukizwa, na safari ijayo karatasi hiyo itakuokolea fedha.